Bahari Yenye Kona

Mtazamaji wa kwanza aliandika kwamba hajawahi kuona bahari yenye kona. Wa pili akamjibu kwamba akitazama vizuri ataona pia bahari hiyo ina ngazi ya chuma, na kibao kinachokataza watoto kukimbia. Wa tatu, aliyejiita Macho Makavu, alisema ameitazama mpaka mwisho kwa sababu rimoti ilikuwa mbali.

Nilikuwa namsomea mjomba maoni hayo karakanani kwake. Yeye alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, misumari midogo ameibana midomoni. Alitoa msumari mmoja, akaugongelea, akatoa mwingine. Niliponyamaza aliuliza swali alilokuwa akiuliza kila siku tangu tuiweke filamu yetu mtandaoni.

"Kuna aliyeogopa?"

Nikamwambia bado.

Mjomba wangu ni fundi makochi. Alianza kazi hiyo mimi sijazaliwa, na mtaani kwetu ni vigumu kuingia sebule ya mtu ukakosa kukalia kazi ya mikono yake. Siku alipotangaza kwamba anataka kutengeneza filamu ya kutisha kuhusu dude la baharini, mkaza mjomba alimgusa paji la uso kuangalia kama ana homa. Hakuwa nayo. Mjomba si msemaji, kwa hiyo aliposema sababu yake tulimsikiliza. Alisema maisha yake yote amewatengenezea watu vitu vya kukalia, na kabla hajachoka anataka kutengeneza kitu kimoja kitakachowainua. Hakutaja umaarufu wala tuzo. Alitaka aogope mtu mmoja tu, mradi aogope kweli.

Mimi nina stashahada ya uandishi. Tangu niipate nilikuwa nimeandika risala za kuwaaga wastaafu, matangazo ya misiba, na barua ya posa ambayo mwenyewe aliisoma akasema imemzidi kimo. Filamu ilipokuja niliidaka kama mpira. Sharti langu lilikuwa moja, kwamba kila mtu humo ndani, pamoja na yule anayezama, aseme Kiswahili kilichonyooka. Mjomba alikubali, ila alitaka mnyama wake aitwe monsta. Nikamwambia lugha yenye neno dude haina sababu ya kwenda kuazima kwa jirani. Akalipenda. Likabaki dude.

Alilitengeneza kama anavyotengeneza kila kitu. Mifupa ilikuwa ya mbao na nyama ya sponji. Ngozi ilitoka kwenye magunia ya mabaki, maana mjomba hatupi kitambaa. Kila kochi analolivika humwachia kipande, na vipande hivyo vilikuwa vimelala darini miaka na miaka. Dude likapata bega la mahameli ya kijani, tumbo la ngozi bandia nyekundu, na kope nzito za kitambaa cha kahawia chenye maua ya njano. Niliondoka likiwa hivyo, linatisha kiasi. Niliporudi kesho yake lilikuwa na vifungo. Namaanisha vile vifungo vinavyovutwa kwa uzi mpaka vinazama kwenye sponji na kuacha vishimo, mgongo mzima, kwa mistari iliyopimwa.

Nikamuuliza mjomba dude la baharini linavaaje vifungo. Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini meza ina miguu.

"Bila vifungo sponji itahama," akasema.

Bahari yetu ilikuwa bwawa la kuogelea la hoteli iliyofungwa. Mlinzi mwenye funguo alikubali kutufungulia geti kwa sharti kwamba yeye ndiye awe nahodha wa meli. Alikuja na kofia nzuri, kifua kimetuna, na ndala miguuni. Hizo alikataa kuzivua, kwa kuwa sakafu ya bwawa inateleza na yeye ana familia.

Katika maandishi yangu ya mwanzo, dude lilikuwa linakimbiza meli. Mjomba aliingia ndani yake, tukamsukumia majini, likaelea kidogo. Kisha sponji ikaanza kunywa. Ilikunywa kama mtu aliyevuka jangwa, na dude likashuka taratibu mpaka likakaa chini, upande wa maji mafupi, nusu nje nusu ndani. Tulilivuta kwa kamba, mlinzi na mimi na mkaza mjomba. Kamba ilikatika. Dude halikusogea hata upana wa kidole. Kwenye kinywa chake kikachomoza kichwa cha mjomba kimelowa.

"Mpwa," akaniita, kwa utulivu. "Andika upya. Halifukuzi mtu."

Nikaenda kuandika karakanani, kwa sababu ndiko kwenye meza. Juu ya meza hiyo kuna rafu, na kwenye rafu kuna kopo la maziwa ya unga ambamo mjomba huweka vitu anavyovikuta ndani ya makochi ya zamani anapoyavua ngozi. Kuna funguo, vitana, vijiko vya chai, kalamu, hereni ya sikio moja. Huvitunza mpaka mwenyewe aje kuulizia. Hakuna anayekuja, kwa sababu mtu akipoteza kitu hukishuku kila kitu nyumbani isipokuwa kochi.

Nilikaa nikilitazama kopo hilo mpaka chai ikapoa. Kisha nikaandika filamu iliyobaki bila kunyanyua kalamu.

Sasa ilikuwa hivi. Meli inavunjika. Nahodha anaogelea, amechoka, anaona mwamba wenye mgongo wa mviringo. Anaufikia. Anauegemea. Anafumba macho na kusema neno moja, "Afadhali." Neno hilo nililitafuta kutwa nzima, maana ndilo kila mtu hulisema anapokaa. Baada ya hapo hakuna maneno. Mwamba unaanza kula, polepole, bila haraka ya mwenye njaa. Unaanza na funguo zilizo mfukoni, kisha kitana, kisha mkono unaoingia kutafuta funguo na kitana. Nahodha hajui kama anamezwa. Anadhani anazidi kustarehe. Mwishoni mabaharia wanalipasua dude, na tumboni vinamwagika vitu vyote vya kwenye kopo, kimoja kimoja, na kamera inavitazama.

Mimi niliona inatisha. Watu wakacheka.

Walicheka kwa maandishi marefu. Mmoja alisema sauti inafika kabla ya midomo kufunguka, kwa hiyo unajua jibu la nahodha kabla nahodha hajaamua. Mwingine alisikitika dude lilipokufa, maana ndilo pekee lililokuwa likiigiza. Yuko aliyeuliza kama vifungo vile ni vya kufungia koti au ni maradhi ya ngozi. Kuhusu ndala kulizuka mjadala wenye pande mbili, na upande wa ndala ukashinda. Mlinzi ndiye pekee aliyetosheka, kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa amesifia kifua chake, na maoni hayo aliyaonyesha kwa kila mtu aliyefika getini.

Mjomba hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alikuwa anauliza lile swali lake, namwambia bado, anarudi kwenye misumari yake. Siku moja nikaingia karakanani nikamkuta ameshika mkasi mkubwa, na dude limelala kifudifudi juu ya meza. Mkia ulikuwa umekwisha kukatwa. Alikuwa ameanza kufumua kiunoni.

"Sponji bado nzima," akasema. "Zahanati wanataka benchi la wagonjwa wanaosubiri."

Nikamwomba angoje kidogo.

"Ningoje nini?"

Lakini aliuweka mkasi chini, kwa heshima yangu nafikiri, na ule mkia ukabaki umesimama pembeni ya mlango kama mwavuli wa mgeni.

Maoni yaliyobadilisha mambo yalikuwa mafupi. Mtu aliandika, "Hizo kope ni kochi letu." Hakuongeza neno. Chini yake mwingine akasema bega ni la baba mkwe wake, analijua kwa doa la wino. Wa tatu akaitambua shingo. Filamu ikaanza kutazamwa upya, sasa kwa kusimamishwa kila mahali, watu wakitafuta samani zao kwenye mwili wa dude. Ukawa mchezo, na kwa siku chache tulicheka pamoja nao.

Ila huwezi kumchunguza mtu usoni kwa muda mrefu bila yeye kukutazama. Walipokuwa wanatafuta kitambaa walikuwa wanaona na mengine. Waliona nahodha anavyoegemea. Walisikia anavyosema afadhali, wao wenyewe wakiwa wameegemea kitambaa kilekile, vifungo vilevile vinawagusa mgongoni. Vicheko vikapungua. Kisha Macho Makavu, ambaye hakuwa amewahi kusema neno jema, akaandika: "Nimeitazama tena. Safari hii nimesimama."

Kochi la kwanza lilirudi kwa mkokoteni. Mwenyewe alisema springi zinalia. Mjomba alilikalia, akalidundia, akalitegea sikio. Halikulia. La pili mwenye nalo alidai rangi imemchosha. La tatu lilishushwa na mtu aliyesema wanahama, ingawa tunajua anakaa nyumba ya baba yake na haendi popote. Hakuna aliyetaja filamu. Uani kukajaa makochi yaliyotazamana, kama wageni walioalikwa na mwenyeji hatokei. Mkaza mjomba akawa anayafunika kwa maturubai na kuniangalia mimi.

Mpaka alipokuja muuguzi.

Muuguzi ni mteja wa tangu zamani, mtu wa kusema moja kwa moja, na zile kope za kahawia zilikuwa zake. Alikuja nyuma ya mkokoteni akiwa na mdogo wake, na nyuma yao wateja wengine kadhaa waliokuwa wameshamtuma awasemee. Mkaza mjomba akatoka akiwa anafuta mikono kwenye kanga.

"Karibuni. Karibuni mkae."

Ilimtoka kwa mazoea. Ua mzima ulikuwa makochi matupu. Wote walibaki wamesimama, na mmoja aliyekuwa amejisahau akaegemea kochi kwa mkono aliuondoa kama aliyeungua.

"Fundi," muuguzi akasema, "tumeheshimiana, kwa hiyo sitazunguka. Nyumbani kwangu hakuna anayekaa. Mume wangu anakula amesimama kama yuko kwenye foleni. Mgeni akija nampindulia ndoo. Juzi mama mkwe kanipigia simu kuuliza kama tumefilisika."

Akaeleza wanachotaka. Pale pale filamu ilipo, tuandike kwamba ilikuwa mzaha, kwamba makochi ya fundi hayana neno, na kwamba familia inawaomba radhi wateja wote. Halafu tuiondoe. La sivyo, wote watahamia kwa fundi wa njia panda.

"Yule makochi yake yanachoma kiuno," akasema, "lakini hana filamu."

Wenzake wakaitikia. Mkaza mjomba hakuwa na la kubishana. Alisema ni haki yao, tena alikwisha kulisema hili mwanzo tukamwona hana sanaa. Akachana kifuniko cha boksi la misumari, akanipa na kalamu ya kuchorea mbao.

"Wewe ndiye mwenye stashahada, mwanangu. Andika. Liwe zuri, liwaingie."

Niliipokea kalamu, maana ni kazi ninayoiweza. Nikitaka kuomba radhi kwa maandishi, ninaweza kuandika mpaka ukuta ukalia. Nikaandika, "Filamu hii ilikuwa mzaha." Ilikuwa sentensi safi, fupi, isiyo na nyama isiyohitajika, na ilikuwa uongo.

Wakati huo mjomba, aliyekuwa amepiga magoti muda wote kwenye kazi yake, alisimama. Alitoa misumari midomoni na kuishika kiganjani.

"Muuguzi," akasema. "Uliogopa?"

Muuguzi akatazama pembeni. Aliyejibu ni mdogo wake.

"Aliruka. Alikwenda kusimama juu ya meza ya kioo."

"Wewe nyamaza."

"Na viatu."

Muuguzi akamgeukia mjomba. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nashona watu wakiwa wazi, fundi. Damu hainitishi, maiti hanitishi. Lakini pale mlipolipasua lile dude, vitu vikaanza kumwagika, nikaona saa yangu. Ile ya kubandika kifuani. Nilipekua nyumba nzima kuitafuta saa ile. Nilimsingizia huyu hapa, hatukusemeshana tangu mvua zile mpaka hizi. Kumbe wakati wote nilikuwa nimeikalia." Akapapasa kifuani, mahali ilipokuwa ikibandikwa. "Ilikuwa chini yangu, fundi. Imetulia tu."

Mkaza mjomba akaingia ndani, akatoka na kopo, akachakura, akampa saa yake. Muuguzi akaifuta kwa kidole gumba. Mdogo wake alikuwa amekunja mikono, anamtazama, anasubiri.

"Tutaongea nyumbani," muuguzi akamwambia.

"Kule ambako hakuna pa kukaa," mdogo mtu akasema.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa amerudisha misumari yote midomoni kwa mkupuo, na fundi hafanyi hivyo kama hana kochi mbele yake. Ilimchukua muda. Masikio yalikuwa yamesogea nyuma, na macho yalikuwa yamejaa maji ambayo hakuyafuta kwa kuwa kuyafuta kungekuwa kukiri kwamba yapo. Kisha alikwenda mlangoni mwa karakana, akauchukua ule mkia, akauweka mezani nyuma ya dude, na kutafuta sindano yake ndefu.

Mkaza mjomba akasema tusipoteze muda wa watu, nisome nilichoandika.

Nikageuza boksi upande wa pili, ambao ulikuwa mtupu, nikaandika nikiwa nimesimama kama wao. Kisha nikasoma kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Dude limetengenezwa kwa mbao, sponji na mabaki ya vitambaa vyenu. Bahari ina kona kwa sababu ni bwawa. Nahodha amevaa ndala kwa sababu sakafu inateleza. Aliyepoteza kitu aje, kopo liko wazi. Makochi ni salama, yakalieni mkiweza. Filamu itabaki pale ilipo."

Wakasubiri. Mkaza mjomba akachungulia kwenye boksi, upande huu na upande ule.

"Radhi iko wapi?"

"Haimo."

"Mwanangu, watu wanataka radhi. Hawa ndio wanaotuweka mjini."

"Najua."

"Basi iandike."

Nikamwambia mzaha ungekuwa kuwaambia wamekosea kuogopa. Hawakukosea. Waliambiwa ni filamu ya kutisha, wakacheka, wakairudia, ikawatisha. Kama kuna radhi inayodaiwa hapa uani, muuguzi anajua anayeidai, naye amesimama hapo nyuma yake amekunja mikono. Mdogo mtu akakohoa. Muuguzi alinitazama kwa muda, si kwa chuki, kama anavyotazama kidonda kinachokataa kufunga. Kisha akawaambia wenye mkokoteni wasilishushe kochi lake, walirudishe nyumbani.

Baadhi walikwenda kweli kwa yule wa njia panda, na wanaumwa viuno. Wengine walirudi kimyakimya, wakayachukua makochi yao, ila waliomba kwanza yapekuliwe mbele yao mpaka kwenye mifupa. Mjomba huwapekulia. Zahanati walipata benchi la mbao tupu. Dude limekamilika, mkia umerudi mahali pake, limekaa pale mlangoni, na wateja wanaoingia hulizunguka kwa mbali. Kila mmoja mjomba humuuliza lile swali lake, na mara nyingi sasa hasubiri jibu.

Mkaza mjomba hanitilii chai. Kila nikipita ananiuliza kama nimeshabadili mawazo, na boksi lile amelihifadhi, upande wa kwanza umetazama juu, ile sentensi yangu safi bado inasomeka, anasema imebaki kidogo tu kuimalizia.

Imebaki yote. Filamu ipo mtandaoni, kope zipo, bahari ina kona zake zote. Siombi radhi.